Kusafiri na Baiskeli kwa Treni Ulaya: Kutoka Hamburg Hadi Bahari ya Adriatiki, Hatua kwa Hatua

Nyumbani, kusafirisha baiskeli ni suala la mdomo. Unafika stendi, unamtafuta utingo, mnavutana bei kidogo, baiskeli inapandishwa juu ya basi na kufungwa kamba katikati ya magunia ya mkaa, na mkifika inashushwa ikiwa na mkwaruzo mmoja zaidi. Ulaya hakuna wa kuvutana naye. Huku baiskeli ni abiria. Ina tiketi yake, kwenye treni nyingi ina hata namba ya mahali pake pa kusimama, na isipokuwa nayo haipandi, hata kama behewa ni tupu na wewe unawahi msiba.

Hilo nililijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza huku nilikata tiketi ya bei ya chini, ile isiyorudishwa wala kubadilishwa, nikajipongeza kwa kuokoa yuro 40. Nilipokwenda kutafuta nafasi ya baiskeli kwenye treni ileile, zilikuwa zimejaa zamani. Nikasema potelea mbali, nitaongea nao. Siku ya safari mkaguzi alisimama mlangoni, akaitazama baiskeli, akaitazama simu yangu, akatikisa kichwa. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Mlango ukajifunga, na treni niliyoilipia ikaondoka nikiitazama. Tangu siku hiyo baiskeli ndiyo huipangia safari kwanza, mimi hufuata.

Nitaeleza kwa safari ninayoijua vizuri: kutoka Hamburg, ninakoishi mwaka wa saba sasa, hadi Grado, mji mdogo wa kisiwani kaskazini kabisa mwa Bahari ya Adriatiki, Italia. Ndani yake kuna kila kitu: treni ya mbali, treni za mikoa, mipaka miwili, milima ya Alps, na mahali pamoja ambapo huwezi kupita ukiwa juu ya baiskeli hata uwe na mapafu ya mkimbiaji wa Eldoret. Ukiielewa hii, nyingine utazipanga mwenyewe. Na saa nitaziandika kama zilivyo kwenye tiketi za huku, yaani 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, tusije tukaachana stesheni.

Hatua ya 1: Jua baiskeli yako ni abiria wa aina gani

Baiskeli ya kukunja ikishakunjwa ni begi. Inapanda karibu treni zote bure, mradi ikae chini ya kiti au kwenye rafu ya mizigo bila kumsumbua mtu. Kama utasafiri mara nyingi na safari yenyewe ni ya mijini, nunua hiyo, na nusu ya mwongozo huu hutaihitaji.

Baiskeli ya kawaida ndiyo yenye kazi, na ndiyo ninayoizungumzia hapa. Inaweza kugeuzwa begi pia: unatoa magurudumu, unageuza usukani, unaitia kwenye mfuko. Kwenye treni za mwendo kasi za Italia, zile za Frecce, hiyo ndiyo njia iliyopo, na mfuko usizidi sentimita 80 kwa 110 kwa 45. Pima nyumbani. Fremu ya mtu mrefu haiingii humo kwa maombi.

Baiskeli ya umeme kwa kawaida huhesabiwa kama ya kawaida kwenye treni, ila ina kilo 25 na wewe ndiye utakayeinyanyua. Toa betri kabla ya kuipandisha, ibebe mkononi. Baiskeli ya watu wawili, ya mizigo, au ya magurudumu matatu: treni nyingi za mbali haziipokei kabisa. Hiyo iache nyumbani.

Hatua ya 2: Tofautisha treni zinazobukiwa na zisizobukiwa

Hapa ndipo penye siri yote. Ukiacha majina na rangi, treni za Ulaya kwa mwenye baiskeli ni za aina mbili: zile ambazo lazima ubuku nafasi ya baiskeli, na zile ambazo unakata tiketi ya baiskeli tu kisha anayewahi ndiye anayepata.

Za kubuku ni za mbali. Ujerumani ni IC, EC na zile ICE zenye nafasi. ICE 4, treni ndefu nyeupe yenye mstari mwekundu, ina nafasi 8 tu. Hebu fikiria, treni yenye abiria zaidi ya 800 na baiskeli 8. Kiangazi nafasi hizo huisha mapema kuliko viti. Ufaransa, TGV zenye sehemu ya baiskeli huitoza yuro 10 na lazima ubuku. Uswisi kuna kalenda kabisa: kuanzia tarehe 21 Machi hadi 31 Oktoba kila baiskeli kwenye treni za InterCity lazima iwe imebukiwa, majira ya baridi hakuna anayekuuliza.

Zisizobukiwa ni treni za mikoa. Ujerumani utaziona zimeandikwa RE, RB au S-Bahn, Ufaransa TER, Italia Regionale. Zinasimama kila kijiji, lakini zina mlango mpana wenye picha ya baiskeli, sakafu iko chini karibu sawa na jukwaa, na huhitaji kumwomba mtu. Mimi nazipenda hizi. Ila zina masharti mawili ambayo wageni huyasahau. La kwanza, kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinatangulia. Ikibidi, wewe ndiye unayeshuka na baiskeli yako, na huna hoja. La pili, saa za watu kwenda na kutoka kazini. Uholanzi, kwa mfano, Jumatatu hadi Ijumaa baiskeli nzima haipandi treni kati ya 06:30 na 09:00, wala kati ya 16:00 na 18:30, isipokuwa Julai na Agosti. Hapa Hamburg treni za mjini huibeba bure, ila siku za kazi kuanzia 06:00 hadi 09:00 na 16:00 hadi 18:00 hairuhusiwi. Kopenhagen wao waliamua kumaliza ubishi: tangu mwaka 2010 baiskeli inapanda treni za mjini za S-tog bila malipo.

Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya inayosema kwamba tangu tarehe 7 Juni 2025 kampuni inayoagiza treni mpya, au kuzifanyia za zamani ukarabati mkubwa, lazima iweke nafasi zisizopungua 4 za baiskeli. Ni habari njema, lakini usiipangie safari ya mwaka huu. Treni huishi miaka thelathini na zaidi, na nyingi utakazopanda zilitengenezwa kabla mtu hajaiwaza sheria hiyo.

Hatua ya 3: Chora njia kwa kuanzia palipo pagumu

Watu wengi huanza kwa kuuliza, nitatokaje nyumbani? Anza na kule kusikopitika. Kwenye safari yetu ni Milima ya Tauern huko Austria. Njia ya baiskeli ya Alpe Adria, inayotoka Salzburg hadi Grado, ina urefu wa takriban kilomita 410, na katikati yake, kwenye kijiji cha Böckstein, barabara inaishia kwenye ukuta wa mlima. Kinachoendelea ni reli peke yake, ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 8. Kwa hiyo kuna treni ya kubeba magari inayokwenda na kurudi kati ya Böckstein na Mallnitz, na baiskeli zinabebwa humo. Unakata tiketi, baiskeli inawekwa mahali pake, wewe unakaa kwenye behewa la abiria, na baada ya dakika 11 unatokea upande wa pili wa Alps. Mara ya kwanza niliingia handakini mvua ikininyeshea, nikatoka Mallnitz kwenye jua kali mpaka nikavua koti palepale kwenye jukwaa.

Ukishajua hapo unapitaje, rudi nyuma: Salzburg unafikaje? Kutoka München kuna treni ya mkoa isiyobukiwa, karibu saa mbili. Na München? Kutoka Hamburg ni ICE, kama saa sita. Basi tayari unaona kwamba safari nzima ina kitu kimoja tu cha kubuku wakati wa kwenda: nafasi ya baiskeli kwenye ICE. Vingine vyote ni vya kukata siku hiyohiyo.

Unaweza pia kukwepa ICE kabisa kwa kutumia tiketi ya mwezi ya Ujerumani, Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni yuro 63 na inakupandisha treni zote za mikoa nchi nzima, hadi stesheni kuu ya Salzburg. Lakini baiskeli haimo. Inahitaji tiketi yake ya siku, isipokuwa mikoa michache kama Thüringen inayoibeba bure. Na Hamburg hadi Salzburg kwa treni za mikoa ni siku nzima ya kubadili treni, kushuka ngazi, kupanda ngazi. Niliwahi kufanya hivyo. Nilifika usiku mikono ikitetemeka, nikalala bila kula. Tangu hapo nalipia ICE bila kunung'unika.

Hatua ya 4: Buku baiskeli, kisha jibuku mwenyewe

Kwenye tovuti au programu ya reli ya Ujerumani, kabla hujabonyeza kutafuta, weka alama mahali pa kuonyesha kwamba unabeba baiskeli. Treni zisizobeba zitaondoka kwenye orodha zenyewe. Ukisahau alama hiyo utaonyeshwa treni nzuri, za haraka, za bei ya chini, ambazo hazina faida yoyote kwako. Ndiko nilikoangukia mimi.

Usikubali mabadilishano ya treni ya dakika saba. Kwa mtu mwenye begi mgongoni dakika saba ni nyingi. Kwa mwenye baiskeli yenye mikoba miwili, lifti moja ya stesheni, na watu wanne mbele yake wenye vigari vya watoto, ni kujidanganya. Mimi huweka dakika 30, na pale penye treni iliyobukiwa mbele yangu huweka saa nzima. Kahawa ya stesheni ni ghali, lakini si ghali kama nafasi ya baiskeli iliyopotea Julai.

Kama unaweza, panda treni inapoanzia. Hamburg usipandie stesheni kuu, kuna msongamano kama Kariakoo siku moja kabla ya Idi. Treni nyingi za kwenda kusini huanzia Altona. Pale jukwaa ni pana, treni inasimama ikisubiri, na unafunga baiskeli yako kwa raha kabla ya dunia nzima kuingia.

Hatua ya 5: Karatasi zako

Hapa nawaambia wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko nyumbani. Mwenye kibali cha kuishi cha nchi moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, anaweza kutembea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, mradi ana pasi halali na kile kibali chenyewe. Hamburg, Salzburg, Udine zote ni Schengen. Lakini usidhani kwamba mpaka umelala. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu mwezi Septemba 2024, na treni zinazotoka Austria zimekuwa zikikaguliwa hata kabla ya hapo. Beba pasi na kadi halisi. Picha ya kadi kwenye simu si kitu. Viweke mfuko wa mbele wa koti, si chini ya mkoba wa baiskeli ulioko behewa la nane kutoka ulipokaa wewe.

Uingereza na Ireland ziko nje ya Schengen. Usivuke bahari ukiwa na kibali cha Ujerumani ukadhani kinatosha.

Jambo jingine dogo: piga picha namba ya fremu, ile iliyogongwa chini ya pedali, na uhifadhi risiti ya baiskeli. Ikiibiwa, polisi watauliza namba hiyo kabla ya jina lako. Na kama baiskeli ni ya mkononi, andikishaneni na aliyekuuzia, hata kwenye karatasi ya daftari.

Hatua ya 6: Funga mizigo kama mtu atakayebeba mwenyewe

Jaribio ni moja. Pakia kila kitu, nenda kwenye ngazi za ghorofa unapoishi, ushuke na kupanda ghorofa moja. Ukishindwa, punguza. Stesheni ndogo nyingi za Austria na Italia hazina lifti, au ipo na ina kikaratasi cha kuomba radhi.

Mikoba ya pembeni ya keria iwe ya kuchomoka kwa mkono mmoja, maana kwenye behewa haitakiwi kukaa juu ya baiskeli. Iunganishe kwa mkanda wa begani ili ubebe miwili kwa mpigo na mkono mmoja ubaki huru. Chukua kamba tatu za mpira zenye ndoano. Treni za mikoa nyingi hazina pa kufungia, baiskeli zinaegemezwa ukutani moja juu ya nyingine, na treni ikikata kona zote zinalala. Weka kikaratasi kwenye usukani kikisema unashuka wapi. Wenzako watapanga zao kufuatana nacho, na hutalazimika kuchomoa yako chini ya nyingine tano huku treni ikipunguza mwendo.

Spana ya 15 ibebe, kwa ajili ya pedali, hasa kama kuna uwezekano wa kuitia baiskeli kwenye mfuko. Pedali ya kulia hufunguka kama nati yoyote, lakini ya kushoto ina uzi wa kinyume, na watu wengi wameivunja wakidhani imekwama kwa kutu. Njia rahisi ya kukumbuka: simamisha spana ielekee juu, kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili zinafunguka hivyo. Beba pia viraka viwili vya tyubu na pampu ndogo. Chakula ni juu yako. Mimi hubeba chapati zilizozungushiwa mayai na chai ya tangawizi kwenye chupa, na hakuna mkaguzi aliyewahi kulalamika zaidi ya kuuliza harufu hiyo ni ya nini.

Hatua ya 7: Dakika tano za jukwaani

Safari nzima ya treni inaamuliwa hapa, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Fika dakika 20 kabla. Jukwaa la Ujerumani limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, zimetundikwa juu ya vichwa vya watu. Tiketi yako ya baiskeli ina namba ya behewa na namba ya nafasi. Ubao wa jukwaani, au programu kwenye simu, unaonyesha behewa lipi litasimama kwenye herufi ipi. Kwenye ICE 4 baiskeli zinakaa mwishoni kabisa mwa treni. Nenda kasimame hapo.

Sasa sikiliza spika. ICE ya mabehewa 12 ina urefu wa mita 346. Siku moja nilikuwa nimesimama herufi A, mikoba imeshafunguliwa, nimetulia, nikasikia sauti ya mama mmoja ikitangaza kitu kirefu kwa Kijerumani. Maneno mawili ndiyo niliyoyashika: umgekehrte Wagenreihung. Maana yake, treni inakuja ikiwa imegeuka, mkia umekuwa kichwa. Behewa langu lilikuwa linakuja upande wa pili wa jukwaa, mita zaidi ya 300 kutoka niliposimama. Nilirudisha mikoba kwenye keria, mmoja ukashika, mwingine ukagoma, nikauning'iniza shingoni, nikaanza kukimbia nikisukuma baiskeli katikati ya watu huku nikiita samahani kwa lugha tatu. Treni ilinipita nikikimbia. Nilipofika mlangoni bibi mmoja mwenye fimbo ya kutembelea aliiweka fimbo chini, akashika gurudumu la nyuma, akanyanyua. Sikumbuki kama nilimshukuru sawasawa.

Funzo lake ni dogo: usifungue mikoba mpaka treni ionekane. Na kariri maneno hayo mawili.

Mlango ukifunguka, mpangilio ni huu. Ingiza mikoba kwanza, itupe pembeni pasipo njia. Kisha panda wewe na baiskeli, gurudumu la mbele likitangulia, breki ya mbele umeshika ili isikurudie. Kwenye ICE na IC gurudumu la mbele linainuliwa juu kwenye kishikizo na baiskeli inasimama wima au nusu wima. Inua kwa mapaja, si kwa mgongo. Ukikuta mtu ameweka yake kwenye namba yako, mwonyeshe tiketi kwa adabu. Kwa kawaida amekosea tu. Funga kwa kufuli ndogo kama kiti chako kiko mbali, kisha nenda kaketi. Ukikaribia kushuka, toka kitini mapema, dakika kumi kabla. Treni haitakungoja kwa sababu umekwama na kamba.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Treni za mbali za Ujerumani huchelewa, hilo hata Wajerumani wenyewe wamelifanya utani wa taifa. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa haki ya kurudishiwa asilimia 25 ya nauli. Dakika 120 na kuendelea, asilimia 50. Omba, usione haya.

Lakini pesa haiirudishi nafasi ya baiskeli. Ukikosa treni uliyobukia, nafasi yako imekwenda nayo. Nenda dirisha la huduma la stesheni kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote, uwaambie una baiskeli katika sentensi ya kwanza, maana wakishakupangia treni nyingine bila kujua, ni kazi bure. Wakikosa, rudi kwenye treni za mikoa. Utachelewa, ila utafika.

Upande wa pili wa mlima

Kutoka München treni ya Salzburg ina mabehewa ya kutosha, lakini Jumamosi yenye jua hujaa watu wenye viatu vya mlimani na baiskeli za aina zote. Panda asubuhi mapema. Salzburg hadi Böckstein ni kama kilomita 100 za kupanda. Siku mbili kwa mtu asiye na haraka, au unapanda treni hadi Bad Gastein ukaokoa miguu. Baada ya handaki, kuanzia Mallnitz, ni mteremko mtamu kuelekea Spittal na Villach.

Kutoka Villach kuna treni iitwayo Micotra inayovuka mpaka hadi Udine na kubeba baiskeli. Itumie kama mvua imeshika. Kama hali ya hewa ni nzuri, tafadhali usiipande. Kati ya Tarvisio na milima inayofuata njia ya baiskeli inapita juu ya reli ya zamani iliyoachwa, na madaraja yake ya chuma na mahandaki yake yote yamebaki. Unapita ndani ya mlima mahali palipopita treni, taa zikiwaka, maji yakidondoka, na mteremko ni wa kistaarabu kwa sababu treni za zamani hazikuweza kupanda mwinuko mkali. Kwenye kijiji cha Chiusaforte stesheni ya zamani imegeuzwa mgahawa wa waendesha baiskeli. Nilikaa pale kwenye benchi ambalo abiria walisubiria treni, nikala mkate na nyama, baiskeli yangu imesimama relini.

Ukishafika Udine, au Grado yenyewe, sheria za Italia ni nyepesi. Tafuta treni ya Regionale yenye alama ya baiskeli, lipa yuro 3.50 kwa baiskeli kwa siku hiyo, juu ya nauli yako. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine ya jukwaani kabla ya kupanda. Ya simu ina kitufe chake cha kuthibitisha. Ukisahau, ni faini, na kusema wewe ni mgeni hakusaidii. Grado haina reli. Endesha hadi stesheni ya Cervignano, kama kilomita 18 kwenye njia tambarare, ndipo upande treni.

Ukitaka kuona Venezia, shukia Mestre upande wa bara, uache baiskeli huko. Ndani ya mji wa zamani wa Venezia kuendesha baiskeli ni marufuku, na hata kuikokota utatozwa faini. Usibishane na hilo, njia zenyewe ni vichochoro na madaraja ya ngazi.

Basi na meli, kwa ufupi

Mabasi ya masafa marefu kama FlixBus huweka kibebeo cha baiskeli nyuma kwenye baadhi ya safari tu. Nafasi inanunuliwa pamoja na tiketi, na baiskeli ya umeme haipokelewi. Mimi hutumia basi pale tu treni inaposhindikana.

Meli ni rahisi kuliko vyote. Kutoka Hoek van Holland hadi Harwich, Uingereza, unaingia melini ukiendesha kwa mlango wa magari, unaifunga baiskeli ukutani kwa kamba, unapanda juu kulala. Naitaja kwa sababu treni ya Eurostar inapokea baiskeli ya kukunja ndani ya begi, si baiskeli nzima, na ndugu wengi walioko London huuliza watavukaje. Jibu ni meli, na viza.

Kurudi

Treni za mbali kutoka Verona hadi München kupitia mpaka wa Brenner zina nafasi za baiskeli, nazo hubukiwa. Zibuku siku ileile unayobuku ICE ya kwenda, maana kila mtu aliyeshuka Alps kwa baiskeli anataka kurudi Jumapili. Zikijaa, panda treni ya mkoa ya Italia hadi Brennero, ubadili hapohapo uingie ya Austria hadi Innsbruck, kisha uendelee kidogokidogo. Kwenye mpaka wa Ujerumani toa pasi yako na kadi kabla hujaombwa, mambo yaende haraka.

Mara ya mwisho nilifika Altona 17:10, siku ya kazi. Treni ya mjini hainipandishi na baiskeli mpaka 18:00, na pale jukwaani kulikuwa na kijana mwenye baiskeli akingoja dakika 50 ziishe, ameketi juu ya mkoba wake. Kutoka Altona hadi kwangu ni kilomita sita. Nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Ottensen, akasema. Ni mtaa wa nyuma ya stesheni.